"Ndiyo" ya bashefu inatufikia mu shimo

Mwaka jana bashefu wetu, Wahindi na wazungu, walifungiwa siku mbili mu chumba cha baridi kwa formasyo ya kufahamiana. Sisi wa sendika tulicheka kwanza. Kisha tukakumbuka ile pompe.

Injenia mzungu aliuliza kama pompe ya maji imetengenezwa. Shefu Muhindi akainamisha kichwa bega hili na lile, akasema ndiyo. Kwao, mara nyingi, ile ni kusema: nimesikia, mukubwa. Mzungu akaelewa: imekwisha. Ekipe ya usiku ikashuka, maji yakawafika mu magoti. Walipanda wote wazima, Mungu asifiwe.

Haikuwa uongo. Kwa Wahindi wengi, kumuambia mukubwa "hapana" mbele ya watu ni kama kumvua nguo mu soko. Mholanzi Geert Hofstede, aliyechunguza wafanyakazi wa IBM mu inchi nyingi, alipima namna watu wanakubali umbali kati ya mukubwa na mudogo: India 77, Marekani 40. (Na sisi je, nani anamukatalia baba mukwe?)

Mu formasyo waliwafundisha kuuliza vingine. Si "imekwisha?", lakini "imebakia nini? Nionyeshe." Hiyo tunaikubali kabisa. Ila hakuna delege hata mmoja aliyeitwa, na wenye kushuka njo sisi.

Tuliandikia direksyo: formasyo inayofuata, viti viwili vya delege. Walijibu ndiyo. Tumeomba waiandike na kutia sahihi.