Sura ya Shevchenko na utaifa wa Ukraine

Nchini Ukraine, kuichora sura ya Taras Shevchenko ni kuigusa nchi yenyewe. Mshairi huyo, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1814, alikuwa pia mchoraji. Alikombolewa mwaka 1838 kwa rubli 2,500, zilizotokana na bahati nasibu ya picha iliyochorwa na Karl Bryullov. Mwaka 1847 mfalme wa Urusi, Nicholas wa Kwanza, alimpeleka uhamishoni na kumkataza kuandika, hata kuchora.

Mwaka 2019 msanii Oleksandr Grekhov alimchora kwa mitindo ya zama hizi, katika kituo cha treni mjini Kiev chenye jina la mshairi. Wapo walioghadhibika, wakaziharibu picha hizo. Mwaka 2022, majeshi ya Urusi yalipoondoka Borodianka, sanamu ya Shevchenko ilikutwa imepigwa risasi kichwani.