SUMU YA MIGODI HAIONDOKI KWA AMRI

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mlinzao amani wilayani Kasese, tangu Bwera mpakani hadi Bugoye chini ya milima ya Rwenzori, maoni yetu ya leo yahusu adui asiyebeba silaha wala kuvuka mpaka. Adui huyo ni sumu iliyoachwa ardhini na majini na kazi ya migodi. Twataka kueleza imetoka wapi, na ni kwa njia zipi binadamu aweza kuisafisha.

Mito ya Mubuku na Nyamwamba yote yateremka kutoka Rwenzori kuelekea ziwa George. Mubuku wapita upande wa Bugoye, na nguvu yake huzalisha umeme. Nyamwamba nao wapita katika bonde la Kilembe, ambako shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982. Mawe yalisagwa, shaba ikatengwa, kisha ikapelekwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Mabaki hayakwenda Jinja. Mchanga uliosagwa ulirundikwa kandokando ya Nyamwamba, na karibu na mji wa Kasese likabaki lundo la tani zipatazo milioni moja za pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, ambayo ndani yake mlikuwa na kobalti.

Yafaa ieleweke kwamba pairiti ikiwa imefunikwa chini ya mwamba haina madhara makubwa. Ikitolewa nje ikakutana na hewa na mvua, hugeuka kuwa asidi kali. Asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti na nikeli, na kuzichukua pamoja na maji. Ndivyo ilivyotokea Kasese. Maji mekundu kama kutu yalitiririka kutoka lundoni, yakaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na yalipopita majani yalikufa, ukabaki ukanda mtupu wa ardhi. Mbele ya ukanda huo ndipo lilipo ziwa George na vinamasi vyake, vilivyowekwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1988, na ndipo wavuvi wetu wapatapo riziki.

Je, sumu ya namna hii husafishwaje? Kanuni ya kwanza ni kuondoa chanzo. Hakuna maana ya kupangusa sakafu huku paa lavuja. Kuanzia 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulifanyia kazi lundo lile kwa msaada wa bakteria ambao chakula chao ni chuma na salfa. Pairiti ilisagwa, ikachanganywa na maji katika matangi makubwa, ikapulizwa hewa, na bakteria wakafanya kwa siku chache kazi ambayo mvua ingeifanya kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba asidi haikumwagika ovyo: ilizuiliwa ndani ya matangi, ikatulizwa kwa mawe ya chokaa, na kobalti ikatolewa kwa nguvu ya umeme. Kampuni hiyo ilikuwa na kituo chake cha umeme katika mto Mubuku. Hivyo maji safi ya upande wa Bugoye yalisaidia kuondoa uchafu wa upande wa Kasese. Kufikia 2014 kazi ya kusafisha kobalti kutoka lundo hilo ilikuwa imekwisha.

Kanuni ya pili yahusu udongo uliokwisha kuathirika. Shaba haiozi, wala haichomeki ikatoweka. Kwa hiyo udongo huweza kuchimbuliwa na kuzikwa mahali palipozibwa, au kutulizwa hapo hapo ulipo. Chokaa hupunguza asidi, na asidi ikipungua madini hushikamana na udongo, hayachukuliwi tena na maji kwa urahisi. Kisha hutiwa samadi na kupandwa nyasi zinazovumilia, ili mizizi izuie mmomonyoko. Njia hii haiondoi sumu; huifunga pingu.

Maji ya chini ya ardhi ni magumu zaidi, kwa kuwa hayaonekani. Huvutwa kwa pampu, yakasafishwa juu, au huchimbwa handaki mbele ya njia yake na kujazwa vitu vinavyonasa sumu maji yapitapo. Ama tope la chini ya ziwa, hapo haraka ni hatari. Kulichimbua ovyo ni kuamsha madini yaliyotulia na kuyarudisha majini. Mara nyingine lililo bora ni kulifunika kwa udongo safi, au kuliacha lifunikwe na tope jipya, mradi tu chanzo kimezibwa.

Lakini chanzo hakijazibwa chote. Marundo ya mchanga yaliyoachwa katika bonde la Kilembe yalimomonywa na mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yalipoharibu pia hospitali ya Kilembe. Uchunguzi wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa madini hayo yamo katika udongo wa bonde hilo, na yameonekana pia katika maji na vyakula. Ndiyo kusema kila gharika hubeba sumu na kuisambaza katika mashamba ya wananchi.

Hapa ndipo askari ahusikapo. Kwanza, afisa anayechagua mahali pa kupiga kambi asiridhike kwa kuona maji meupe. Kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, lakini hakuondoi shaba wala kobalti. Maji ya eneo la mgodi yapasa kupimwa kabla ya kutumiwa. Pili, bustani ya kambi isilimwe juu ya mchanga wa mgodi, kwani mboga za majani hunyonya madini hayo. Tatu, mchanga huo usichukuliwe kujengea wala kusawazishia viwanja.

Nne, tujitazame wenyewe. Katika gereji za kambi na vituo, mafuta machafu ya magari humwagwa chini, na betri kuukuu hutupwa uani. Udongo wenye mafuta waweza kupona: ukitandazwa, ukatiwa samadi na kugeuzwa mara kwa mara upate hewa, bakteria huyala mafuta hayo kidogo kidogo kwa miezi. Lakini risasi iliyomo katika betri haina bakteria wa kuila. Pipa moja la kukusanyia mafuta na banda moja la kuhifadhia betri ni gharama ndogo kuliko kisima kilichoharibika.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lundo lililochukua miaka 26 kurundikwa lilihitaji kiwanda kizima na miaka ipatayo 15 kuondolewa, na ukuta wa Kilembe bado wangoja kujengwa. Ulinzi wa taifa ni pamoja na ulinzi wa ardhi yake na maji yake, na zamu hiyo haina likizo.