Taa wa Umeme, Samaki Asiyempisha Mtu

Mkisikia mtu akitaja taa na umeme, bila shaka mawazo yenu yatakwenda mjini, au kwenye nyumba ya mapadre penye jenereta, au siku hizi kwenye vile vibao vya jua tunavyoviweka juu ya bati. Lakini leo sisemi habari za taa ya umeme. Nasema habari za taa wa umeme, naye ni samaki.

Watu wa pwani wanamjua taa. Ni yule samaki bapa, mpana kama ungo, mwenye mkia nyuma, alalaye mchangani chini ya bahari. Nyenga mwenye mwiba mkali ni wa ukoo wake. Ninyi mlio bara, chukueni ungo mkautie mkia, nanyi mmekwisha kumwona nusu yake. Nusu iliyobaki haionekani kwa macho, nayo ndiyo nitakayoieleza.

Katika Bahari ya Pasifiki, pwani ya jimbo la California huko Marekani, yuko taa mmoja mkubwa wa namna hii. Rangi yake ni ya kijivu yenye madoa meusi, na urefu wake hufika mita 1.4. Mchana hujifukia mchangani akalala. Usiku huinuka na kuelea kimya katikati ya mwani mrefu, ambao huko hukua kama msitu toka chini hata juu ya maji. Akipita samaki karibu naye, humrukia na kumfunika kwa mapezi yake mapana, kama mama anavyomfunika kuku kwa kanga ili amkamate. Hapo humpiga umeme. Kisha humgeuza polepole mpaka kichwa kielekee kinywani, akammeza. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Richard Bray na Mark Hixon, waliandika habari za uwindaji wake wa usiku. Kabla ya hapo wengi walimdhania mvivu, kwa kuwa walimwona mchana tu!

Je, umeme huo hutoka wapi? Pande mbili za kichwa chake zimo nyama mbili zenye umbo la figo. Ukizipasua utaona nguzo nyingi zilizosimama wima, na kila nguzo ni visahani vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama sarafu. Kila kisahani hutoa umeme kidogo sana. Lakini ubongo ukitoa amri, vyote hutoa kwa mara moja, na kile kidogo hujumlishwa na kidogo mpaka kinakuwa kikubwa. Taa wa California hufika volti 45 hivi, na betri ya motokaa ni volti 12 tu. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, kwa hiyo pigo lake lina nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Mwenzake wa Bahari ya Atlantiki hufika volti 220, yaani karibu sawa na waya wa nyumbani.

Watu wa kale walimjua. Mganga mmoja wa Kirumi, jina lake Scribonius Largus, katika karne ya kwanza aliwaagiza wenye maumivu makali ya miguu wasimame ufukoni penye maji, wamkanyage taa aliye hai, mpaka mguu ufe ganzi hata gotini. Mwaka 1772 Mwingereza John Walsh alikwenda La Rochelle, Ufaransa, akaonyesha kwa majaribio kwamba ganzi ile ni umeme hasa. Baada yake Mwitalia Alessandro Volta alipanga visahani vya madini mbalimbali, katikati akitia vitambaa au karatasi ngumu zilizolowa maji ya chumvi, na mwaka 1800 akatangaza kwamba amepata umeme. Yeye mwenyewe alikilinganisha chombo chake na kile cha samaki huyu. Ndiyo betri ya kwanza. Basi ukiwasha tochi usiku kwenda kumtazama ng'ombe, ujue samaki huyu naye alikuwamo katika habari yake. Wanadamu walimlipa vibaya: jina lake la Kilatini, torpedo, wakalitwaa wakaliita silaha ya kuzamishia meli.

Sasa nije kwa wazamiaji. Zamani mtu aliweza kukaa chini ya maji kwa pumzi moja tu, au akiwa amevaa kofia nzito ya chuma yenye mpira mrefu wa kuletewa hewa toka juu. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo kinachompa mtu hewa toka mtungi aliojitwika mgongoni, kwa kadiri anavyovuta pumzi. Toka hapo watu wa kawaida wakaweza kuogelea chini ya bahari kama samaki.

Mzamiaji amezoea kupishwa. Akitokea yeye na mapovu yake, samaki wengi hutawanyika. Taa wa umeme hatawanyiki. Taa ya tochi ikimwangukia, huenda akabaki palepale anaelea. Akisumbuliwa, akaguswa mkia au akazibiwa njia, humgeukia mtu na kumwendea uso kwa uso, kinywa wazi, au humzunguka. Mtu asiyejua hunyosha mkono amsukume, na hapo ndipo hupigwa. Nchi kavu pigo hilo lingemwangusha, angeinuka akapangusa vumbi. Chini ya maji mambo ni mengine: akitokwa na kile kipande cha mpira kinachompa hewa mdomoni, na viungo vyake havimtii, anaweza kufa maji akiwa na mtungi uliojaa hewa mgongoni.

Kwa hiyo wazamiaji wenye busara huko California hufundishana kutulia. Wakimwona, hawamsogelei wala hawamgusi, si kwa mkono wala kwa chuma. Akija, hurudi nyuma polepole na kumwachia njia. Mimi naona neno hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Mtu ana mtungi, ana tochi, ana kisu kiunoni, na bado yeye ndiye anayepisha. Ametambua kwamba yumo katika nyumba ya mwenyewe.

Ukweli ni kwamba heshima hiyo haikuanza pamoja na mitungi. Cousteau huyohuyo alitengeneza filamu ya mambo ya chini ya bahari, iliyopewa tuzo kuu mjini Cannes mwaka 1956, na ndani yake wanaonekana watu wake wakilipua baruti penye matumbawe ili wapate kuhesabu samaki, na tena wakiua papa kwa hasira. Wakati ule wengi hawakuona ubaya. Lakini kadiri alivyozidi kuzamia ndivyo alivyobadilika. Mwaka 1960 alisimama kupinga takataka za nyuklia zisitupwe katika Bahari ya Mediterania, na mpaka kufa kwake mwaka 1997 alijulikana kama mtetezi wa bahari.

Hapa kwetu baruti si habari ya filamu. Pwani ya Tanzania imeumizwa nayo kwa miaka mingi, ingawa sheria inaikataza. Baruti haichagui: huua mkubwa na mtoto, anayeliwa na asiyeliwa, na kuvunja matumbawe wanamozalia. Taa wa umeme ni miongoni mwa wale wasiorudi upesi wakimalizwa. Jike wa California hupevuka akiwa na miaka 9 hivi, naye hazai mayai maelfu kama samaki wengine. Huzaa watoto walio hai, 17 hadi 20, na huenda mwaka unaofuata asizae.

Atauliza mtu: samaki asiyenifaa kitu, nyama yake ya majimaji, tena ananipiga, namhifadhi kwa nini? Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa swali hili katika barua yake ya mwaka 2015, Laudato Si', alipofundisha kwamba viumbe vina thamani yao mbele ya Mungu, hata mbali na faida tunayoipata sisi. Volta asingejua kitu cha kulinganisha na betri yake kama wavuvi wangekuwa wamekwisha kuwaangamiza taa wote kwa kuwa hawafai kitoweo.

Na msidhani habari hizi ni za ng'ambo tu. Jamaa za taa huyu, walio wadogo kuliko yeye, wamo katika Bahari ya Hindi, upande wetu. Katika Ziwa Tanganyika nako yuko kambare mwenye umeme, na wa ukoo wake wa mto Nile walichorwa katika makaburi ya Misri ya kale, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Basi wewe mvuvi, akiingia wavuni mwako, usimshike kwa mkono mtupu wala kwa kitu cha chuma. Tumia mti mkavu. Kama ni mshipi, ukate karibu na ndoana. Kama ni wavu, upindue upande wa maji, naye ataanguka mwenyewe. Na aliye miguu mitupu chomboni, penye maji ya kukumba, asogee mbali kwanza.