Pesa imetoka kwako, dukani haijaingia: iko wapi?

Umeingia duka la leso Barabara ya Biashara, umechagua jozi tatu, umelipa kwa till. Simu yako imeandika "Imethibitishwa". Mwenye duka anaitazama kompyuta ya kaunta. "Huku bado, mwanangu." Wewe unamsogezea simu: "Ami, tazama mwenyewe, pesa imetoka." Nyote wawili mnasema kweli, na ndiyo maana ubishi haumaliziki.

Makala hii ni ya mlipaji, lakini pia ni ya meneja wa duka, hoteli au shule aliyeunganisha malipo ya simu na kompyuta zake.

Wengi wetu hudhani malipo ya simu ni programu moja kubwa. Siyo. Ni huduma nyingi zilizotengana, kila moja na kazi yake: moja inahakiki PIN, nyingine inaandika daftari la salio, nyingine inatuma SMS, nyingine inabisha hodi kwenye kompyuta ya duka na kusema "pesa ya oda fulani imefika". Wahandisi wa programu huuita mpangilio huu usanifu wa huduma.

Fikiria Bandari ya Kale, pale chini ya Mji wa Kale, jahazi linaposhusha mzigo. Kuna nahodha, kuna karani wa forodha, kuna hamali, kuna mwenye mkokoteni wa kwenda Marikiti. Hamali hana haja ya kujua kuendesha jahazi. Akionyeshwa karatasi iliyo sawa, anabeba. Ukibadilisha hamali, jahazi halina habari. Lakini karani akikawia, mzigo umeshatoka chomboni na sokoni haujafika. Haujapotea. Uko njiani, na karatasi yake ipo.

Kwa nini tusiwe na programu moja tu, yaishe? Kwa sababu kazi zimeongezeka. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kazi yake kubwa ilikuwa mtu kumtumia mtu, na mitambo yake ilikaa Ujerumani hadi 2015 ilipohamishiwa Kenya. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, na jina lenyewe linajieleza: kompyuta ya duka inavuka pale kuomba malipo na kupokea jibu. Aprili 2022 wateja wa Airtel Money wakaanza kulipa kwenye till za M-Pesa. Kila nyongeza ya aina hii ni pingu moja zaidi kwenye mnyororo. Faida yake ni kwamba huduma ya SMS ikilemaa, pesa bado inatembea. Hasara yake ni kwamba pingu yoyote inaweza kukawia.

Sasa tuje kwenye jambo linalowatoa watu pesa mara mbili. Kompyuta ya duka ikituma ombi, husubiri sekunde kadhaa. Jibu lisipokuja, huacha kusubiri. Kimya hicho kina maana tatu: ombi halikufika, au limefika na bado linashughulikiwa, au malipo yamekamilika kabisa, ila jibu limepotea njiani. Programu nyingi huandika "Malipo yameshindikana" kwa zote tatu. Kwa maoni yetu huo ni uongo, hata kama haukukusudiwa. Mteja akisoma hivyo analipa tena, na dakika mbili baadaye malipo yote mawili yanaingia.

Kwa hiyo meneja, mwambie fundi wako aandike "Tunasubiri uthibitisho". Halafu muulize maswali haya kabla hujamlipa. Je, kila oda ina namba yake, ambayo ikija mara ya pili mfumo unarudisha jibu la kwanza bila kukata pesa tena? Je, jibu lisipokuja, mfumo unakwenda wenyewe kuuliza hali ya muamala, au unakaa tu? Daraja linaruhusu kuuliza. Na jioni, nani analinganisha oda za siku na taarifa ya till? Fundi akisema hilo la mwisho halina haja, tafuta fundi mwingine.

Kukawia huku si kwa maduka tu. Mwishoni mwa Julai 2023 mashambulizi ya mtandaoni yaliilemea eCitizen. Maombi ya pasipoti na viza yakakwama, na abiria wakapata taabu kukata tiketi za treni. Kwa wageni waliokosa viza mtandaoni, serikali ilitangaza watapewa wakifika. Yaani kulikuwa na mlango wa pili. Kwenye kaunta yako mlango huo unaweza kuwa kitabu cha risiti tu, mradi wafanyakazi wajue kiko wapi.

Tukirudi kwa Ami: usilipe tena. Msomee namba ya muamala, zile herufi na tarakimu kumi zinazoanza ujumbe wako. Naye asikubali SMS iliyo kwenye simu yako kuwa ushahidi, maana SMS za bandia zipo na zimewaliza wengi; aitafute namba hiyo kwenye taarifa ya till yake mwenyewe. Ikiwepo, pesa imefika, ni kompyuta ya kaunta tu iliyokosa habari, na anaweza kukupa mzigo wako. Isipokuwepo, pigeni simu huduma kwa wateja mkiwa na namba hiyo, saa ya malipo, kiasi na namba ya till. PIN haitaombwa. Anayeiomba ni mwizi, mkatie simu.

Leso zinaweza kufungwa na kuwekwa kando kwa jina lako, mtoto atumwe kuzichukua baadaye.