Kutibu na Kuponya: Waganga wa Tiba Asili na UKIMWI Nchini Uganda

Mwaka 1992, kabla dawa za kupunguza makali ya virusi hazijawafikia wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, shirika la TASO na Madaktari Wasio na Mipaka yalianzisha nchini Uganda mradi wa THETA, uliowaunganisha waganga wa tiba asili na matabibu wa hospitali. Waganga walitumia mitishamba dhidi ya magonjwa nyemelezi, hususan mkanda wa jeshi. Aidha, walifunzwa kutoa ushauri nasaha na kuwaelekeza wagonjwa hospitalini.

Ushirikiano wa namna hiyo hudai uangalifu wa lugha. Kiganda, kama Kiswahili, hutumia neno moja, eddagala, yaani dawa, kwa mzizi wa mganga na kwa kidonge cha hospitali. Hata hivyo, hutenganisha okujjanjaba, kutibu, na okuwonya, kuponya. Mitishamba inayokausha malengelenge hutibu dalili; haiondoi virusi mwilini. Vidonge vya hospitali navyo hufubaza virusi tu, ndiyo maana humezwa maisha yote. Mgonjwa aliyeambiwa amepona huweza kuviacha, na virusi vikazaliana upya.

Kwa hiyo, sera ya tiba asili isiishie kwenye kuwasajili waganga. Iwakubalianishe pia na matabibu juu ya matumizi ya vitenzi hivyo viwili. Mganga asemaye, "Ninatibu mkanda wa jeshi, vidonge endelea kumeza," ni mshirika wa hospitali. Asemaye, "Nimekuponya," huhatarisha maisha, hata kama mmea wao ni uleule.