Je, Wajua? Dubwana Lisilo na Sauti
Kwamba Tor Johnson, mpiga mieleka mzaliwa wa Sweden (1903), mtu wa kiwiliwili cha kutisha na kichwa kisicho unywele, aliigiza huko Marekani katika The Beast of Yucca Flats (1961), filamu ambayo, kwa uhaba wa fedha, ilipigwa pasipo kunasa sauti, hata ikalazimu maneno yatiwe baadaye, na wasemaji, ili hila isidhihirike, waonyeshwe kwa mbali au wakiwa wamewapa watazamaji kisogo? Humo pandikizi hilo, ati, ni mwanasayansi aliyeikimbia Urusi, kisha mlipuko wa atomiki ukamgeuza hayawani. Filamu ni dhaifu, wallahi. Lakini ujanja huo wa kuficha midomo wastahiki kutazamwa.