Nguo ya Mtoto Hupimwa, Je, Anayeishona?



Nguo nyingi hutiwa fomalini kiwandani zisikunjamane. Dawa hiyo huwasha macho na ngozi. Mwaka 1973 Japani ilipitisha sheria: nguo ya mtoto asiyetimiza miezi 24, ikipimwa, isionekane na fomalini.

Mpimaji hukata kipande, hukiloweka katika maji ya digrii 40 kwa saa moja, kisha hutia dawa ya kupimia. Maji yakigeuka manjano, fomalini imo.

Mtoto amekingwa. Lakini nguo za wakubwa bado hutiwa, na mshonaji huvuta mvuke wake kutwa. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikata shauri kuwa fomalini huleta saratani.

Tawi likikutana na mwajiri, lidai hewa ya karakana nayo ipimwe.